Makopo Yalifika Nyumbani

Tangazo. Wananchi wote wa Igogo, pamoja na jirani zao wanaojidai hawasikilizi umbea, mnatangaziwa kwa masikitiko na mshangao mkubwa kwamba Mzee Shimba, mpishi mstaafu wa mapadre, bingwa wa tambi na sosi ya nyanya za kopo katika Kanda ya Ziwa nzima, mtu aliyewalisha maaskofu wakasahau kusali baada ya chakula, leo asubuhi ameonekana akiwasha moto. Moto wenyewe ameuwasha nyumbani kwake. Jikoni kwa mkewe. Na mkewe yu hai.

Habari hiyo haikusomwa redioni, lakini ilifika kila mahali redio inapofika, tena bila betri. Kabla sufuria haijapata joto, wanawake walikwisha kupita uani kwa Shimba kuomba moto huku viberiti vimetuna ndani ya khanga zao. Mmoja alikuja kutafuta kuku ambaye hakuwahi kumfuga.

Wasilaumiwe. Kwa watu wa huko mwanamume anaruhusiwa kupika popote duniani isipokuwa kwake. Akiwapikia Wazungu kwa mshahara, hiyo ni kazi kama kuendesha trekta. Akibanika nyama machungani na wenzake, huo ni ujana, utapita. Lakini yale mafiga matatu ya nyumbani ni ya mke. Mume akiyagusa mkewe angali anapumua, husemwa kwamba amechoka kungoja na ameanza kujizoeza ugane. Kwa hiyo moshi uliopanda kwa Shimba asubuhi ile ulisomwa na mtaa mzima kama barua ya msiba iliyotangulia msiba.

Na Dorotea, mkewe, alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta wa jiko lile. Hospitali ilikuwa imefanya la kwake ikamrudisha nyumbani. Tumbo lake lilikataa ugali, likakataa samaki, likawa linapatana na uji tu, nao kwa shida. Alikuwa ameomba kitu kimoja, na Shimba alikuwa amechelewa kukileta.

Tuanzie huko kilikotoka.

Shimba alitoka Magu akiwa kijana, akaingia mjini kutafuta kazi ya kubeba mizigo, akaangukia mikononi mwa Padre Ermete, Mtaliano mnene mwenye hasira za haraka na msamaha wa haraka zaidi. Padre alimfundisha katekisimu kwa majuma machache na sosi kwa miaka. Katika katekisimu palikuwa na mambo ya kujadili. Katika sosi hapakuwa na mjadala. Nyanya lazima iwe ya kopo, nzima, iliyomenywa, inayoogelea katika maji yake yenyewe. Ivunjwe kwa vidole, kisu kisiiguse. Kopo likishafunguliwa limwagwe lote kwenye bakuli, maana nyanya ikibaki humo hunywa chuma. Na ile nyanya nzito ya kopo dogo, iliyo kama udongo wa kufinyanga, ikaangwe kwanza peke yake katika mafuta mpaka igeuke rangi ya tofali, vinginevyo sosi nzima itabaki na ladha ya kopo mdomoni.

Shimba aliwahi kuuliza kwa nini wasitumie nyanya za sokoni, ambazo msimu wake ukifika Mwanza huoza mpaka mbuzi wanazikataa. Padre alimwambia kwamba zile za sokoni huchumwa zikiwa ngumu ili zisipondeke ndani ya tenga, zikaja kuivia njiani kama abiria. Rangi zinayo, utamu hazina. Nyanya ya sosi, alisema, ni ile iliyoachwa juani juu ya shina lake mpaka imechoka kuishi. Basi, neno la Padre likawa neno.

Makopo yalikuja kwa meli ndani ya sanduku, yakitumwa na dada yake Padre. Yalizidi kuja hata miaka ile ambayo mji mzima ulipanga foleni ya sabuni. Nchi ilikuwa inajitegemea. Jiko la mapadre lilikuwa linamtegemea dada wa Padre.

Dorotea yeye alitoka Ukerewe. Alipoolewa alikata kipande cha ardhi nyeusi karibu na maji, chini ya yale mawe makubwa ya Igogo, akalima nyanya. Alikuwa na mkono wa nyanya kama wengine walivyo na sauti ya kuimba. Mwaka wa kwanza wa ndoa alichagua zilizo bora, akazipanga kikapuni, akavaa gauni la kanisani, akazipeleka mlango wa nyuma wa nyumba ya mapadre. Mumewe alitoka amevaa kofia nyeupe ya upishi, akazipokea, akazibonyeza moja moja kama daktari, akasema zinafaa kwa kachumbari.

Ni neno dogo. Dorotea alirudi nalo nyumbani, akalitunza.

Kilichokuja nyumbani kutoka jiko lile ni makopo matupu. Shimba aliyaosha, akaponda kingo zake kwa jiwe zisimkate mtu, akayaleta mfukoni kila Jumamosi. Mengine Dorotea aliwapa mafundi wa bati wakayageuza koroboi. Mengine aliyatoboa matako, akayajaza udongo wa ufukweni, akaotesha humo miche ya nyanya. Ukipita kwa Shimba wakati wa kuotesha, ungeona kando ya ukuta safu ya nyanya za Ulaya zilizochorwa, nyekundu, zinacheka, na kila picha imeota mche wa Igogo kichwani. Makopo yalifika nyumbani, sosi haikufika. Kubeba chakula cha jikoni kwa watu ni tabia ya mwizi, na Shimba hakuwa mwizi. Kupika kwake mwenyewe ilikuwa haiwezekani, kwa sababu tulizokwisha kuzitaja. Hivyo mwanamke alizaa, akalea, akazeeka na mpishi mashuhuri bila kuonja hata tone la mkono wake. Aliligeuza jambo hilo kuwa utani wa bustanini. Aliwaambia wenzake kwamba mume wake anapikia mbinguni; yeye yuko duniani, anajipikia.

Kisha Padre Ermete akafa, na mapadre waliofuata walikuwa wana wa nchi, wanakula ugali na sato kama watu wenye akili zao. Shimba akaagwa kwa heshima. Walimpa saa ya ukutani na picha ya mtakatifu msimamizi wa wapishi, ambaye alipata cheo hicho kwa kubanikwa juu ya makaa. Kanisa halikosi utani.

Ikaja enzi ya ruksa. Kila kitu kikaruhusiwa, na kilichokuwa kimekatazwa kikaja mbio zaidi. Viwanda vya minofu vikaota ufukweni, ndege zikawabeba sangara kwenda Ulaya, watu wakabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Ulaya nayo, kwa kuwa ina adabu, haikukaa kimya. Ikaleta nyanya zake ndani ya makopo, mahali ambapo nyanya zinaoza. Hayo ndiyo yaliyoitwa soko huria.

Ilikuwa katika miaka hiyo Dorotea alipougua, na asubuhi moja, akiwa ameketi mlangoni anachambua dagaa ambao yeye hatawala, akasema bila kumtazama mumewe:

"Baba Masalu, ile sosi ya Wazungu. Nataka kuionja."

Shimba alikuwa anasokota kamba ya kufungia kuku. Akaiacha.

"Ile inataka kopo."

"Nyanya zipo bustanini. Zinaanguka zenyewe."

"Zile zina maji."

Dorotea alitupa kichwa cha dagaa kwa kuku. "Basi tafuta kopo lako," alisema.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomponza Shimba. Angegombezwa, labda angefikiri. Lakini aliambiwa atafute, naye akatafuta, kwa uaminifu wa mtu aliyeagizwa na mgonjwa na anayetaka kumpa kilicho sahihi. Kumpa kilicho pungufu, baada ya miaka yote ile, aliona ni kumtukana.

Alianzia Makoroboi kwa Nurdin, aliyerithi duka la baba yake na mdomo wa baba yake. Nurdin alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamwonyesha rafu nzima ya nyanya nzito za makopo madogo, kutoka nchi ambazo hazijui Mwanza iko wapi. Shimba akasema hizo ni za kuongezea tu. Yeye anataka zile nzima, zilizomenywa.

"Mzee wangu," Nurdin alimwambia, "siku hizi hakuna kisichopatikana. Ila hicho."

Alinunua kopo dogo moja na pakiti ya tambi, akaendelea. Aliporudi siku ile, Dorotea alikuwa bado mlangoni, lakini ameegemea fremu.

Alikwenda Nyegezi, kwenye maduka yanayozunguka stendi ya mabasi ya mbali, ambako mtu hupata kila kitu isipokuwa alichokifuata. Alikwenda kwenye hoteli moja ya mjini kuulizia kwa mpishi waliyefahamiana, na yule mpishi akamnong'oneza kwamba hoteli yao hutumia nyanya nzito, maji na rangi, na wageni husifu. Aliporudi, Dorotea alikuwa amehamia mkekani, ndani. Alimwuliza kama amepata. Shimba akasema bado kidogo. Dorotea akasema nyanya za kando ya jiwe zimeanza kupasuka, akachume hata za kuwapa jirani. Shimba akasema atachuma, akasahau.

Mwishowe alilipata Buzuruga, kwa mchuuzi aliyetandaza turubai karibu na mabasi: kopo kubwa, lenye picha ileile ya zamani, limeandikwa kwa lugha kadhaa kwamba ni msaada na haliuzwi, na bei yake imeandikwa juu ya maneno hayo kwa kalamu ya wino mzito. Lilikuwa limebonyea ubavuni. Shimba alilishika, kidole gumba kikapita juu ya kifuniko, na kifuniko kilikuwa kimeinuka kidogo, kama tumbo la mtu aliyeshiba. Mpishi yeyote anajua maana yake. Kidole kilijua. Mwenye kidole akajifanya hajui, akalipia, akarudi Igogo akilipakata kama mtoto.

Siku hiyo alimkuta Dorotea kitandani, na dada yake Bernadeta anamkanda miguu. Bernadeta alikuwa amehamia pale kumuuguza, mama mrefu mwenye imani kubwa katika Mungu na kubwa zaidi katika mila. Kesho yake asubuhi alipoteremka ziwani kufua mashuka, Shimba aliingia jikoni.

Hapo ndipo tulipomwacha, na moshi wake, na watazamaji wake.

Kilichomkuta humo hakikuandikwa katika tangazo. Mpishi wa maaskofu alisimama katikati ya jiko la nyumba yake akawa kama mgeni aliyekosea mlango. Hakujua kitu chochote kinakaa wapi. Ilibidi aende chumbani.

"Kiberiti kiko wapi?"

"Chini ya kinu."

Akaenda, akarudi. Kisu. Kimechomekwa juu ya mlango, Dorotea akasema. Akaenda, akarudi. Vitunguu. Vimening'inizwa, inua kichwa. Mafuta je? Kufikia mafuta Dorotea alikuwa anacheka, kicheko chembamba kisicho na pumzi ya kutosha, na akamwuliza kama huko kwa mapadre nako alikuwa anamwuliza Padre.

Alipotoboa kopo kwa ncha ya kisu, lilipiga mluzi. Povu likatoka, na harufu ya kitu kilichokufa zamani. Mluzi ule ulipita ukutani.

"Limekufa?" Dorotea aliuliza kutoka kitandani.

"Limekufa."

"Bustani haijafa," Dorotea alisema.

Shimba alilifukia kopo nyuma ya choo, mbali na kuku, akashuka bustanini. Magugu yalikuwa yamepanda mpaka magotini. Nyanya zilizokosa mchumaji zilikuwa zimening'inia juu ya mashina yake kando ya jiwe, laini, zimekunjamana, nyingine zimepasuka na jua limekausha pale palipopasuka. Hakuna mchuuzi ambaye angeziweka kwenye tenga. Alichuma moja, ikajilaza kiganjani mwake kwa uzito wote. Ilikuwa imeachwa juani mpaka imechoka kuishi. Alikaa pale jiweni kwa muda usio na maana kwa mtu mwenye sufuria motoni, kisha akajaza kofia yake.

Alizimwagia maji ya moto, akazimenya, akazivunja kwa vidole. Alikaanga vitunguu mpaka vikalegea, akakaanga ile nyanya nzito ya Nurdin peke yake mpaka ikawa rangi ya tofali, akamimina za Dorotea juu yake, akapunguza kuni. Akangoja mafuta yapande juu, maana sosi haiharakishwi. Nje, wanawake walikuwa wamepata sababu mpya ya kusimama: harufu.

Tambi hakuzichemsha. Alimtazama Dorotea mara moja akajua zingekuwa mapambo tu. Alichukua sosi kidogo kwenye kikombe cha uji, akapuliza, akamwinua, akampa kwa kijiko. Dorotea aliishika mdomoni bila kumeza. Macho aliyafumba. Kisha akameza.

"Hizi ni zangu."

"Ni zako."

"Za kando ya jiwe."

"Za huko."

Akaramba mdomo, taratibu, kama mtu anayetafuta kosa katika hesabu ya mwingine na amelipata. "Imekosa chumvi," alisema.

Kweli. Katika kwenda na kurudi, alisahau. Padre Ermete angemrushia mwiko.

"Chumvi iko wapi?" Shimba aliuliza.

Dorotea alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, mume wake wa tangu ujana, ameshika kikombe, masizi kwenye paji la uso.

"Baba Masalu. Miaka yote hii?"

Shimba akarudia tu, sauti imeshuka: iko wapi.

"Juu ya ukuta, penye moshi. Kwenye kopo."

Alipapasa juu ya ukuta, mahali ambapo joto la mafiga huzuia chumvi isilowe, akalikuta. Lilikuwa la kwanza kabisa, kutoka sanduku la kwanza, alilolileta yeye mwenyewe walipokuwa bado hawana kitanda. Ile picha nyekundu ilikuwa imegeuka nyeusi. Ukilipeleka kwenye mwanga ungeweza kuona nyanya zake bado zinacheka. Chumvi ndani yake ilikuwa kavu kama siku iliyotiwa.

Aliitia, akakoroga, akarudi. Dorotea alikula kijiko, akapumzika, akala kingine. Cha tatu alikiacha.

"Inatosha," alisema. "Nyingine wape hao wanaochungulia."

Shimba akatoka na sufuria, akawapa. Walikula wamesimama, kwa vidole, wakaisifu, wakaramba sufuria, kisha wakaenda kueneza habari kwamba mzee anamchimbia mkewe kaburi.

Dorotea alikufa juma lilelile, mchana, Bernadeta akiwa anambadilishia shuka. Shimba alikuwa bustanini anang'oa magugu, kwa sababu alikuwa ameambiwa kuna nyanya za kuchuma na alitaka, safari hii, asisahau. Alipandishwa na kilio. Bernadeta alimpokea uani, mbele ya watu wote, mashuka bado mikononi.

"Umegusa mafiga yake angali hai, shemeji. Ulikuwa na haraka gani?"

Watu walimtazama Shimba ili wasikie atajitetea vipi. Kosa lake halikuwa haraka. Angekwenda bustanini siku ile ya dagaa, Dorotea angekula sahani nzima mlangoni, ameketi, na angepata nafasi ya kumcheka mpaka ashibe. Jambo hilo halikujulikana na mtu mwingine yeyote, na Shimba hakuona wa kumwambia.

Walimzika. Masalu, mtoto wao, alifika kutoka Geita anakochimba dhahabu ya watu, akalia, akakaa mpaka akalazimika kurudi. Wanawake walipikia msiba nje, kwa masufuria makubwa, na jiko la Dorotea likabaki limefungwa. Ile pakiti ya tambi iliangukia panya, ambao hawakuuliza sosi.

Siku ya kumaliza msiba, watu wakiisha kunyolewa, ukoo uliketi kikao. Vikao vya ukoo huketi kwa huzuni na huinuka na maazimio. Waliongea juu ya nguo za marehemu, juu ya bustani, juu ya nani atawasha taa katika nyumba ile, na mwisho wakamchagua Bernadeta aseme kwa niaba ya wote. Akasimama. Uso ulikuwa umevimba kwa kulia na ile sauti ya uani ilikuwa imemwisha. Ilibaki ya dada aliyefiwa.

"Shemeji," alisema, "ukoo umekaa, umeona. Nyumba haiwezi kukaa na mafiga baridi. Huko Ukerewe kuna binti ya kaka yetu, mjane, mtu mzima, mpole, anajua jiko. Arobaini ikipita tutamleta. Sisi hatukutupi. Wewe ni mwanamume, tena mzee, peke yako humu ndani utaishije?"

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akakohoa kikohozi cha kuunga mkono. Wote wakamgeukia Mzee Shimba, mpishi wa maaskofu, bingwa wa Kanda ya Ziwa nzima, wakangoja machozi, au shukrani, au hotuba.

"Chumvi najua ilipo," Shimba alisema.